Picha, namba na jina la fundi: jinsi modeli zilizoibwa zinavyorudi nyumbani

Usiku mmoja wa Januari 2005, wezi walivunja makumbusho ya kampuni ya Märklin katika mji wa Göppingen, kusini mwa Ujerumani. Hawakutafuta fedha taslimu wala kompyuta. Walibeba magarimoshi madogo ya bati, mabehewa na vifaa vingine vya kale vya kuchezea, mali iliyokadiriwa kufikia euro milioni moja hivi. Miezi michache baadaye polisi walikuwa wameshawatia mbaroni washukiwa, na sehemu kubwa ya vitu hivyo ilikuwa imerudi.

Anayeiba simu huiuza kabla jua halijazama, kwa sababu simu ile inafanana na nyingine milioni. Garimoshi la bati lililopakwa rangi kwa mkono zaidi ya miaka 100 iliyopita ni jambo jingine kabisa. Wanaoweza kulinunua kwa bei yake ni wachache, nao wanajuana. Wanajua kila garimoshi lilitoka kiwandani mwaka gani, lilipakwa rangi ipi na lilipita katika mnada upi. Mwizi anaweza kulificha, lakini akitaka kuligeuza pesa lazima alipeleke mbele ya macho ya watu wale wale wanaolitambua. Kwa maoni yangu, ujuzi huo wa pamoja ni ulinzi mkubwa kuliko kufuli lolote. Nao haukushuka kutoka mbinguni. Umejengwa na wapenzi wa modeli wenyewe, kwa jioni zao na pesa zao.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona burudani hii kwa karibu, modeli ni kitu halisi kilichopunguzwa kwa kipimo kimoja bila kudanganya. Kipimo kinachotumika zaidi duniani kwa treni ndogo kinaitwa H0, yaani 1 kwa 87. Kichwa cha treni chenye urefu wa mita 20 kinakuwa na sentimita 23, na kila ngazi, kila taa na kila ribiti lazima vipungue kwa uwiano huo huo. Märklin, iliyoanzishwa 1859, ilianza kwa kutengeneza vyombo vya jikoni vya kuchezea wanasesere. Mwaka 1891 ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig treni zenye reli za vipimo maalumu, na hapo mambo yakabadilika. Kipimo kikishakuwa kimoja, behewa la mtoto wa mtaa huu linaweza kupita kwenye reli za mtoto wa mtaa ule. Mwaka 1935, mjini Milwaukee nchini Marekani, wapenzi wa treni ndogo waliunda chama chao cha kitaifa, NMRA, na kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kuwafanya watengenezaji wakubaliane juu ya upana wa reli na umbo la magurudumu.

Ndiyo maana ninasema burudani hii ina kuandika na kupima ndani ya damu yake. Asiyepima hana treni inayotembea.

Nje ya duara lao, watu wengi huviona vitu hivi kuwa vya kitoto, na dharau hiyo ina madhara. Mei 2019, klabu ya treni ndogo ya Market Deeping ilipanga maonyesho yake katika ukumbi wa shule moja mjini Stamford, Uingereza. Usiku wa kuamkia siku ya maonyesho, vijana waliingia na kuviponda vilivyokuwa vimepangwa mezani. Kazi za miaka mingi ziligeuka vipande kwa usiku mmoja. Klabu iliomba michango ya pauni 500 tu, na umma ukatoa zaidi ya pauni 100,000. Mwanamuziki Rod Stewart peke yake alitoa pauni 10,000. Stewart si mgeni katika mambo haya. Miezi michache baadaye aliwaonyesha wasomaji wa jarida la Railway Modeller mji mzima wa modeli alioujenga kwa zaidi ya miaka 20, kazi aliyokuwa akiiendeleza hata akiwa safarini kwa maonyesho ya muziki.

Pesa zile zilifuta machozi, lakini hazikuweza kununua upya kilichovunjwa, maana hakuna duka linalokiuza. Modeli iliyoundwa kwa mkono hujengwa tena tu kama michoro yake ipo, kama picha zake zipo, kama mtu aliandika mahali fulani kwamba paa la stesheni lilitengenezwa kwa karatasi ya aina fulani na ukuta kwa plasta ya aina fulani. Rekodi humsaidia anayetafuta kilichoibwa, na humsaidia vilevile anayejenga upya kilichovunjwa.

Rekodi za namna hiyo zipo, tena nyingine ni za kustaajabisha. Makumbusho ya vitu vya kuchezea na modeli ya Brighton, yaliyofunguliwa 1991 ndani ya matao ya matofali chini ya stesheni ya treni ya mji huo, yameweka mtandaoni kamusi kubwa ya vitu, viwanda na mafundi, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma bila kulipa senti. Ukiokota garimoshi la bati sokoni na hujui ni la nani, unaanzia huko. Vyama vya wakusanyaji navyo vimepiga chapa upya katalogi za zamani, vimeorodhesha rangi kwa miaka, vimechora tofauti ndogo za skrubu na kulabu. Chama cha wakusanyaji wa treni za kuchezea cha Marekani, kilichoundwa 1954, kina viwango vyake vya kupanga hali ya kitu, kuanzia kipya kabisa hadi kilichochakaa, ili muuzaji na mnunuzi wasipigane kwa maneno.

Kwa wale wanaojenga vichwa vya treni vinavyotumia mvuke wa kweli, vidogo kwa umbo lakini vinavyochoma makaa na kuvuta watu wazima waliokaa juu ya mabehewa, kuna kinga nyingine ambayo haikukusudiwa kuwa kinga ya wizi. Boila la shaba lenye mvuke ni hatari. Likipasuka, linaua. Kwa hiyo vilabu vya Uingereza hulikagua boila jipya kwa maji, kwa shinikizo mara mbili ya lile litakalotumika kazini, kisha huligongea namba na kulitolea hati. Bila hati hiyo huruhusiwi kuwasha moto mbele ya umma. Mwizi wa kichwa kama hicho anajikuta na mzigo wa chuma wenye namba iliyogongwa mwilini, na hati iko kwa mwenyewe. Akiupeleka kwenye klabu yoyote, swali la kwanza atakaloulizwa ni kuhusu hati. Akiifuta namba, amejitangaza.

Modeli ndogo za umeme hazina namba ya namna hiyo, na hapo ndipo macho ya mwenye mali yanapohitajika. Fundi aliyelehemu ngazi kwa mkono ameacha tone la risasi mahali ambapo hakuna mwingine aliyeliacha. Namba ya treni ilibandikwa ikaegemea kidogo kushoto. Gurudumu moja lilibadilishwa likawa na mng'aro tofauti na wenzake. Mwenye treni anayajua haya yote kichwani, lakini kichwa cha mtu si ushahidi mbele ya polisi. Sheria inaweza kuwa upande wako kabisa: nchini Ujerumani, kwa mfano, kifungu cha 935 cha sheria ya kiraia kinasema kwamba kwa kawaida mnunuzi wa kitu kilichoibwa hapati umiliki wake, hata kama alikinunua kwa nia safi. Lakini lazima kwanza uthibitishe kwamba kitu kilicho mezani ndicho chako, na si ndugu yake waliyetoka naye kiwanda kimoja.

Tangu 1997 kuna utaratibu wa kimataifa wa kuandika kitu cha thamani, ulioanzishwa na taasisi ya Getty ya Marekani na unaojulikana kama Object ID. Unataka picha, aina ya kitu, malighafi, vipimo, maandishi yaliyomo, alama za pekee kama ufa au kiraka, jina la fundi kama linajulikana, na maelezo mafupi. Hauhitaji mtaalamu. Mwaka 2021 shirika la polisi wa kimataifa, INTERPOL, lilitoa programu ya simu ya bure iitwayo ID-Art, ambayo humwezesha mtu kuorodhesha vitu vyake kwa utaratibu huo huo, na pia kutafuta katika hifadhidata ya vitu vya sanaa vilivyoripotiwa kuibwa duniani. Ninaiona kuwa moja ya zawadi zilizopuuzwa zaidi za miaka ya karibuni.

Lakini kuna wizi mwingine katika ulimwengu huu wa treni ndogo, na huo ndio ulionifanya niandike makala haya. Safari hii kilichoibwa kilikuwa hazina yenyewe ya maarifa.

Treni ndogo za siku hizi huendeshwa kwa ishara za kompyuta zinazopita ndani ya reli. Kila kichwa kina kifaa kidogo cha umeme kinachosikiliza ishara iliyolengwa kwake: wewe nenda, wewe simama, wewe washa taa. Shida ni kwamba kila kiwanda hupanga mipangilio ya kifaa chake kivyake. Mwenye vichwa kumi kutoka viwanda vitano alilazimika kusoma vitabu vitano vya maelekezo. Ndipo kundi la watu waliojitolea, likiongozwa na Robert Jacobsen, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, likajenga programu iitwayo JMRI. Waliandika faili baada ya faili, kila moja ikieleza kifaa cha kiwanda fulani, na wakaziweka zote mtandaoni bure. Mtu wa Uholanzi alieleza kifaa alichonacho, wa Australia akasahihisha, wa Kanada akaongeza. Ni kazi ya subira, isiyo na sifa wala posho.

Hakuna la kushangaza kwamba wapenzi wa treni ndogo walikuwa hodari wa kompyuta. Klabu ya treni ndogo ya chuo cha MIT, iliyoanzishwa 1946, ilikuwa na kikundi kilichoshughulikia nyaya na swichi chini ya meza, na vijana wa kikundi hicho walikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kukesha na kompyuta kwa mapenzi tu. Desturi yao ya kumpa mwenzako ulichokigundua bila malipo ilienea mbali sana kutoka kwenye meza ile.

JMRI ilitolewa kwa leseni yenye masharti mepesi. Chukua, tumia, badilisha, ila usiondoe majina ya walioandika, na useme wazi ulichobadilisha. Hayo tu.

Mfanyabiashara mmoja wa Oregon, Matthew Katzer, aliyekuwa na kampuni ya programu za treni ndogo, alikuwa amejipatia hataza juu ya njia za kuendesha treni hizo. Alimtumia Jacobsen madai ya malipo ya zaidi ya dola 200,000, kwa programu ambayo Jacobsen hakuwa akiiuza. Mwaka 2006 Jacobsen alikwenda mahakamani. Kesi ikiendelea, ikabainika kwamba bidhaa ya kampuni ile ile iliyomdai ilikuwa na maelezo yaliyotoka kwenye faili za JMRI, na majina ya waandishi pamoja na tamko la hakimiliki yalikuwa yameondolewa. Waliofanya kazi bure walikuwa wamefutwa kwenye kazi yao wenyewe.

Mahakama ya kwanza, mwaka 2007, ilikataa kutoa zuio. Ilisema leseni ni pana mno, na kwamba aliyevunja masharti yake labda amevunja mkataba tu, si hakimiliki. Tofauti hiyo inaonekana ya kisheria na kavu, lakini ndiyo iliyobeba kila kitu. Kuvunja mkataba hudaiwa kwa hasara ya pesa, na mtu aliyetoa kitu bure atathibitisha hasara gani? Kama hukumu ile ingesimama, kila hazina iliyojengwa kwa kujitolea, iwe ya treni, ya mapishi au ya ndege wa porini, ingekuwa ya kuchotwa na yeyote, na majina ya waliojenga yakatupwa.

Tarehe 13 Agosti 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua vinginevyo. Ilisema masharti ya leseni ile ni mipaka ya ruhusa yenyewe, na anayetoka nje ya mipaka anaingia kwenye uvunjaji wa hakimiliki. Ilisema pia kwamba kutoa bila kudai fedha si sawa na kutoa bila kupata faida, kwa sababu jina, sifa na maendeleo ya kazi ni faida. Mwaka 2010 pande mbili zilimaliza shauri kwa makubaliano: Jacobsen alilipwa dola 100,000, na mwenzake akazuiwa kutumia kazi ile. Hadi leo mawakili wanaotetea programu huria huitaja kesi ya Jacobsen na Katzer, na wengi wanaofaidika nayo hawajui kwamba ilizaliwa kwenye treni za kuchezea.

Nimesoma hukumu ile zaidi ya mara moja, na kila ninapoisoma nawakumbuka watu wa kwetu waliochukuliwa vitu vyao na majina yao yakapotea njiani.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama, katika pwani ya Kenya, akiwa amesimama kando ya vigango viwili alivyovisimamisha kwa ajili ya ndugu zake marehemu. Niseme mapema: kigango si modeli wala pambo. Ni nguzo ya kumbukumbu ya marehemu, na kwa Wamijikenda, jamii wanamohesabiwa Wagiriama, haing'olewi. Muda si mrefu baada ya picha ile, vigango vile viliibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa masuala ya Afrika nchini Marekani, Udvardy aliona kimoja kwenye picha iliyoonyeshwa na mtafiti mwenzake, Linda Giles. Kilikuwa katika mkusanyo wa makumbusho ya chuo kikuu huko Illinois. Cha pili kilikutwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Watafiti hao wawili walifuatilia wakagundua mamia ya vigango katika makumbusho ya Marekani. Vile viwili vilirudi, na mwaka 2007 sherehe ya makabidhiano ilifanyika pwani. Kilichofungua mlango huo wote ni picha moja yenye tarehe, mahali na jina la mwenyewe. Vigango vingine mamia havikupigwa picha mahali pake, na ndiyo maana ni vigumu mno kusema kipi ni cha boma gani.

Modeli nazo tunazo. Mtepe, jahazi la pwani lililoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja na kusukumwa na tanga la mkeka, umekwisha kabisa baharini. Tunachokijua juu ya ushonaji wake kimetoka kwenye picha, kwenye maandishi ya wasafiri, na kwenye modeli chache zilizobaki, zikiwemo zilizohifadhiwa Fort Jesus na makumbusho ya Lamu. Mafundi wa Zanzibar walipojenga upya mtepe mzima, wakauita Shungwaya na kuuweka ndani ya jumba la Beit al-Ajaib, iliwabidi waegemee ushahidi wa aina hiyo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo hilo iliporomoka na kuua watu. Kitu ambacho kinakaa mahali pamoja tu, bila vipimo vyake kuandikwa kwingine, kiko hatarini kila siku.

Na reli yetu pia. Kati ya vichwa 34 vya daraja la 59 vilivyoundwa Manchester kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1950, kila kimoja kikiwa na tani 252 na jina la mlima, vimebaki viwili, vyote Nairobi. Mount Gelai, namba 5918, kimesimama katika makumbusho ya reli yaliyofunguliwa 1971, kikiwa na rangi yake ya damu ya mzee. Mafundi wa modeli wa Ulaya hukipenda mno na wamekijenga kwa vipimo mbalimbali, wakitumia michoro na picha walizokusanya wenyewe. Wazee waliokiendesha kutoka Mombasa wanazeeka na kuondoka, na wanayajua mambo ambayo hayamo katika mchoro wowote: sauti ya valvu, mahali moto ulipokuwa ukipenda kufa mlimani, rangi ilivyobadilika baada ya ukarabati.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache, na ninayaomba kwa dhati. Fundi wa Lamu anayechonga jahazi dogo kwa ajili ya mgeni aandike jina lake na mwaka chini ya mkuku, kisha alipige picha pande zote, rula ikiwa kando, kabla halijatoka mkononi mwake. Aliyerithi modeli ya baba yake afanye hivyo hivyo wikiendi hii, na nakala ya picha aiweke kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine. Walimu na wanafunzi wa ufundi walio karibu na Nairobi, Voi, Tabora au Kigoma wawafuate wastaafu wa reli wakawarekodi, na majina ya wastaafu hao yaandikwe pamoja na maneno yao. Na makumbusho yetu yaweke orodha ya modeli zao mtandaoni, pamoja na vipimo na picha, kwa Kiswahili, ili siku moja mtu wa Lamu akiona jahazi la babu yake kwenye mnada wa mbali awe na cha kuonyesha.